Bustani ya koni ya ngazi nne: pima mkanda kabla ya kulipa

Bustani ya koni inayouzwa Nakuru, kwenye agroveti na kwa mafundi wa plastiki, ni mikanda minne ya plastiki nyeusi ya kutandika mabwawa. Kila mkanda unafungwa ukawa duara, na maduara hupandanishwa, pana chini na jembamba juu. Ukishaijaza udongo inakuwa kama keki ya harusi. Ukingo unaobaki wazi kwenye kila ngazi, yaani kibaraza, ndipo mboga zinapokaa. Tunayoipima hapa ndiyo ya vipimo vya kawaida: kipenyo cha sentimita 120 chini, kisha 90, 60 na 30, kila ngazi ikiinuka sentimita 20. Inakuja imeviringishwa kama mkeka, pamoja na vifungo na, mara nyingi, bomba lenye matundu la kusimamisha katikati.

Plastiki tungeipa saba kwa kumi. Maelezo yanayoandamana nayo, tatu, na hizo tatu ni kwa sababu mchoro wa kufunga vifungo huwa sahihi.

Tuanze na kununua, maana hapo ndipo pesa hupotea kimyakimya. Muuzaji akikwambia "mita moja na ishirini", usibishane naye. Toa tepu upime urefu wa mkanda wa chini ukiwa umenyooshwa. Duara la kipenyo cha sentimita 120 lina mzunguko wa sentimita 377, na ncha mbili za mkanda zinapaswa kupandana sentimita 10 ili vifungo vishike. Kwa hiyo mkanda kamili una sentimita 387. Ukikuta 320, koni yako itakuwa na kipenyo cha chini ya mita moja, na mboga kadhaa zimeshatoka kwenye hesabu kabla hujagusa jembe. Upana nao una maana yake. Mkanda wa sentimita 25 unazamishwa tano kwenye udongo wa ngazi ya chini, zikabaki 20. Wenye upana wa 20 tupu unabakiza 15, au usipouzamisha, maji yanachimba njia chini yake na udongo unamwagika kibarazani kila unaponyunyiza.

Unene ndio mgumu kuutambua kwa vidole. Plastiki nzuri ya kazi hii ni ya milimita 0.5, ambayo wauzaji huiita mikroni 500. Hakuna anayebeba kifaa cha kupimia unene mfukoni, lakini mizani ipo kila duka. Mikanda yote minne yenye upana wa sentimita 25, bila bomba wala vifungo, inapaswa kufika kama kilo 1 na gramu 150. Ikisoma gramu 600, umeuziwa plastiki ya nusu ya unene huo. Itasimama, ndiyo, lakini itachanika kwenye matundu ya vifungo mara udongo ukilowa vizuri kwa mvua za Aprili. Chagua nyeusi. Masizi yaliyochanganywa ndani yake ndiyo yanayozuia jua lisiikaushe plastiki hadi ipasuke. Za kijani na buluu hutegemea dawa ya kukinga jua, nayo huwezi kuiona kwa macho wala kuipima dukani.

Mahali pa kuiweka. Ujazo wa ngazi zote nne ni kama lita 424, sawa na madebe 21 ya lita 20. Udongo uliochanganywa na samadi, ukiwa umelowa, hukaribia kilo 1.3 kwa lita. Yaani koni iliyojaa ina zaidi ya nusu tani juu ya eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo juu ya paa la zege la ghorofa, kwenye baraza la juu au juu ya shimo la maji machafu, jibu ni hapana, hata kama picha ya tangazo imepigwa paani. Hii ni bustani ya ardhini: nyuma ya nyumba, pembeni mwa geti, kwenye ile kona ya ploti inayojaa matairi na mabati ya zamani.

Kona nyingi za ploti kwenye mitaa ya Nakuru kama Kaptembwo, Rhonda au Shabab zimebanwa na kuta. Nakuru iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, na Desemba huhamia kusini. Ukuta wa mita 3 ulio kaskazini mwa koni hutupa kivuli cha mita 1.3 saa sita ya Juni, na asubuhi au jioni kuta za mashariki na magharibi huchukua zamu yao. Weka koni umbali huo angalau kutoka ukutani. Sukuma wiki wanataka saa sita za jua. Pakiwa na saa nne tu, panda spinachi na dania, uache kulaumu mbegu.

Udongo ndio kazi yenyewe, na hapa karatasi ya maelezo huandika mstari mmoja: "jaza udongo na mbolea". Udongo wa Nakuru umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi na hupitisha maji upesi, kwa hiyo kuuongezea mchanga ni kuuharibu. Changanya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza. Samadi ya kuku ni kali; tia nusu ya kiasi hicho, na iwe imekaa wiki sita au zaidi ikigeuzwa. Ipime kwa kuingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa bado ina joto, au harufu inachoma macho, haijafika, na itaunguza mizizi ndani ya siku tatu. Anayefanya kazi hii Kisumu ana tatizo la kinyume. Udongo mweusi wa tambarare za Kano hushika maji ukawa matope, ukikauka unapasuka na kuachana na plastiki, na maji yote hupita kwenye ufa. Huko changanya sehemu sawa za udongo, samadi na maganda ya mpunga, ambayo upande wa Ahero hayana shida kupatikana.

Usiokote udongo kando ya gereji, wala chini ya ukuta wa zamani unaobambuka rangi, wala kwenye jalala. Ule mweusi wa Gioto, jalala la Nakuru, unavutia kwa macho, lakini umeoza pamoja na betri, na mboga za majani hazichagui cha kunyonya.

Kabla ya kujaza, sawazisha ardhi kwa pimamaji na utandike wavu wa kuku chini, la sivyo fuko na panya watapandia humo. Jaza ngazi ya kwanza, mwagilia hadi maji yatokeze chini, kisha iache siku mbili ishuke. Ongeza udongo ulipopungua, ndipo uweke mkanda wa pili. Wengi hujaza zote nne asubuhi moja na kupanda jioni. Baada ya wiki tatu samadi imeendelea kuoza, udongo umeshuka upande mmoja kuliko mwingine, na koni imeinama kama kofia ya mlevi. Ikishainama haisimamishwi, unaibomoa. Usishindilie kwa miguu pia, kwa kuwa mizizi inahitaji hewa. Maji yatashindilia yenyewe. Andaa madebe 24 badala ya 21 kwa ajili ya huko kushuka.

Njia moja ya kupunguza mzigo huo: katikati ya ngazi ya chini, sehemu iliyofunikwa na ngazi za juu, hakuna mzizi wa maana unaofika. Panga mawe hapo kwenye duara la sentimita 60, uokoe karibu madebe matatu ya udongo na upate njia ya maji kutoka. Mawe, si vifusi vya simiti, maana simiti hutoa chokaa na majani machanga huanza kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Na usijaze mabua ya mahindi katikati kama video nyingi zinavyoonyesha. Yanaoza, yanashuka, na unarudi kwenye kofia ya mlevi.

Sasa idadi ya mimea. Ukiambiwa koni inabeba mimea 60, uliza: 60 ya nini? Sukuma wiki wanataka sentimita 30 kati ya shina na shina. Katikati ya kibaraza cha kwanza mzunguko ni sentimita 330, panaingia mashina 11. Cha pili kinachukua 7, cha tatu 4, na kileleni moja. Jumla 23. Spinachi kwa sentimita 20 wanafika kama 37. Vitunguu vya majani kwa sentimita 10 wanapita 70, kwa hiyo hiyo 60 si uongo mtupu, ila hakuna familia inayoishi kwa vitunguu vya majani. Mashina 23 ya sukuma, kila moja likichumwa majani mawili au matatu kwa wiki, yanatoa kama majani 60. Watu watano wanapata mboga ya milo miwili, mitatu hivi. Ni msaada mzuri, lakini safari ya sokoni bado ipo.

Kuna jambo jingine ambalo umbo la koni hulificha. Ngazi haziongezi eneo la kupandia. Ukiitazama koni kutoka juu, vibaraza vyote na kilele vikijumlishwa vinatoshana sawasawa na duara la chini, mita 1.13 za mraba, na jua linaloishukia ni lilelile. Tuta la kawaida la sentimita 120 kwa 120, bila plastiki yoyote, linachukua sukuma 16 kwa nafasi ileile ya sentimita 30. Faida ya koni ni mashina saba ya ziada, yanayopatikana kwa sababu majani hujitandaza nje ya ukingo, pamoja na kuchuma bila kuinama sana. Kwa mzee mwenye mgongo wa kulalamika, hilo la mwisho pekee linaweza kutosha. Kwa kijana anayetafuta mboga nyingi, halitoshi.

Linganisha na gunia la kilo 90, ambalo huingia lita 120 hivi za udongo, madebe sita. Likisimama lina kipenyo cha karibu sentimita 40. Toboa matundu sita kwa mstari, mistari minne iliyopishana, kisha panda matatu juu: mashina 27, zaidi ya koni, kwa robo ya udongo. Ndiyo maana magunia yalienea Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008. Katikati yake husimamishwa nguzo ya mawe kwa kutumia mkebe usio na kitako: unaujaza kokoto, unazungushia udongo, unauvuta juu, unajaza tena, mpaka ufike mdomoni. Maji hupitia humo.

Lakini gunia lina madeni yake. Kila shina lina lita nne na nusu tu za udongo, kwa hiyo siku mbili bila maji Januari zinatosha kuyainamisha majani. Upande unaotazama ukuta hauzai. Nyuzi za gunia la plastiki zisizokingwa na jua huanza kukatika baada ya msimu mmoja au miwili, na gunia hupasukia kwenye mstari wa matundu, pale ulipolidhoofisha mwenyewe. Vaa magunia mawili, moja ndani ya jingine. Koni ya plastiki nene hudumu miaka kadhaa, na shina lake lina udongo wa kutosha kuvumilia ukisafiri Ijumaa hadi Jumapili.

Turudi kwenye lile bomba la katikati, kwa sababu ndilo linalotangazwa zaidi na ndilo lenye faida ndogo zaidi. Wazo ni kwamba unamimina maji juu nayo yanasambaa kila ngazi. Maji hayafanyi hivyo. Hutokea kwenye tundu la chini kabisa kwanza, na mengi huishia kwenye kitovu cha ngazi ya kwanza, ilhali mizizi ya kibaraza hicho iko karibu nusu mita kutoka hapo. Kileleni panabaki pakavu. Ukitaka kulitumia lazima ulirekebishe: ziba mdomo wa chini, acha matundu manne ya milimita 3 kwenye ngazi ya chini, na uzidishe idadi kadiri unavyopanda. Kuna njia rahisi zaidi, nayo ni kopo. Mwagilia vibaraza kwa mkono, asubuhi, ukianzia juu. Nakuru siku kavu lita 8 hadi 10 zinatosha koni nzima, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 unakwenda siku mbili. Kisumu, penye joto zaidi, hesabu lita 12 hadi 15. Tandaza nyasi kavu kibarazani, unene wa vidole viwili, na utaokoa maji mengi kuliko bomba lolote.

Maji ya kuoshea mboga na ya suuza la mwisho la nguo yanafaa. Maji ya kwanza ya sabuni ya unga yana chumvi inayogandisha udongo, yamwage kwingine. Wanaotegemea visima wachunguze majani machanga: yakififia rangi ilhali ya chini ni kijani, maji hayo yana magadi, na kuyachanganya na maji ya mvua husaidia.

Joto la plastiki nyeusi si tatizo kubwa Nakuru, lakini Kisumu upande wa magharibi wa koni hupikwa kila alasiri na mizizi iliyogusana na mkanda hufa. Paka chokaa upande huo, au panda kunde zininginie.

Kuhusu upandaji hatuna mengi. Miche ya wiki nne hadi tano, yenye majani manne au matano, ihamishwe jioni. Kwa sukuma, mbegu za Collards Southern Georgia na Thousand Headed zote hufaa, na kwa spinachi Fordhook Giant. Dania haihamishwi, ponda mbegu ipasuke vipande viwili na uipande papo hapo. Managu na mchicha viweke kibaraza cha chini kwa kuwa hutanuka. Baada ya wiki sita, weka mbolea ya CAN, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, ikizungushwa sentimita 10 kutoka shinani, si kurundikwa juu yake. Unapochuma, acha majani matano ya juu. Ukivuna hadi kileleni shina linasimama wiki mbili bila kazi.

Wadudu wa koni ni walewale wa tuta, isipokuwa wawili. Konokono hujificha kwenye mikunjo ya plastiki pale ncha zinapopandana. Pakague usiku kwa tochi. Sisimizi hupanda mkanda na kuwalinda vidukari ili wapate utamu wao, kwa hiyo ukiona msururu wa sisimizi geuza majani. Vidukari wachache huondoka kwa maji ya nguvu. Wakizidi, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita 4 au 5, nyunyiza chini ya majani. Kwa viwavi, dawa ya pareto inafanya kazi, ila jua huivunja nguvu haraka. Inyunyizwe jioni, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma zifuatwe kama zilivyo kwenye kibandiko.

Kosa la msimu wa pili ni kurudisha sukuma palepale. Udongo wa koni haupumziki wala hauchanganyiki na mwingine, na minyoo ya mizizi hujengeka humo. Ukiling'oa shina dhaifu ukakuta mizizi ina vinundu, ndiyo hiyo. Toa sentimita 10 za juu, weka mboji mpya, na panda vitunguu msimu mmoja kabla ya sukuma kurudi.

Mpangaji afikirie mara mbili. Plastiki utahama nayo, lakini madebe 20 ya udongo yatabaki kwa mwenye ploti, na si wote watakaoyaita zawadi. Kwa chumba kimoja chenye uchochoro wa mita moja, nunua magunia manne. Kwa shule, kanisa au nyumba yenye uwanja na mtu wa kumwagilia kila asubuhi, koni ni chaguo zuri, hasa mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja iwe inapumzika kwa vitunguu nyingine ikizaa sukuma.

Na ukifika dukani, mwambie muuzaji abaki na bomba, na kwa thamani yake akukatie mkanda wa akiba wa sentimita 387. Wa chini ndio unaopasuka kwanza.